Kidonge Kimoja, Watu Wawili

Mama Mkasi hajawahi kuambiwa "subiri" akasubiri. Hilo ulijue kwanza, maana bila hilo hutaelewa ilikuwaje mtu mzima mwenye akili zake timamu akamgawia mdogo wake dawa ya saratani ya damu kama anayemgawia karanga.

Jina alipewa na mtaa. Mkasi ulikuwa haumtoki mkononi. Alikata vitambaa kwa mkasi, akaonyesha njia kwa mkasi, akasisitiza maneno kwa mkasi, na siku moja alimsindikiza wakala wa bima kwa mkasi huo huo mpaka kona ya barabara. Wateja walimwogopa, lakini walirudi, kwa sababu sare za shule alizozishona zilikuwa haziishi. Mtoto wa kwanza anavaa, wa pili anavaa, wa tatu anavaa huku analia kwa sababu na yeye angependa angalau mara moja maishani apate shati jipya.

Alishonea nyumbani kwake. Nyumba ilikuwa nyembamba na ndefu, chumba nyuma ya chumba. Mbele alikaa mwenyewe na meza ya kukatia. Chumba cha kati alikaa binti mmoja waliyemwita Msikivu, kazi yake kupachika vifungo na kupokea maneno. Chumba cha tatu walikuwa mafundi wa cherehani. Uani, kwenye kibanda cha mabati, alikuwepo Bwana Pasi, mdogo wake Mama Mkasi, tumbo moja, mtu wa kunyoosha mashati na kunyamaza.

Sasa, Mama Mkasi haendi nyuma. Anasema yeye si tarishi. Kwa hiyo amri zilisafiri kwa mdomo. Yeye anapaza sauti, "Mikono!" Msikivu anaipokea, anageukia mlango wa pili, "Mikono!" Mafundi wanaanza kushona mikono ya mashati, na mmoja wao anachungulia uani, "Mikono!" ili Bwana Pasi aweke pasi moto. Akisema "Kola!" ni vivyo hivyo, akisema "Basi!" ni vivyo hivyo. Maneno yalishuka tu, kupanda hayakuwahi. Uzi ukiisha huko nyuma, walikaa wakitazamana mpaka mwenyewe ajiulize mbona nyumba imepoa.

Basi kuna siku Mama Mkasi alisema "Mikono!" asubuhi, akaenda zake kutafuta kitambaa. Msikivu, Mungu amsamehe, alikuwa na hofu moja tu maishani, nayo ni kusikia cherehani zimenyamaza. Kila zikipungua kelele, yeye anaita, "Mikono!" Hajatumwa na mtu. Zikipungua tena, "Mikono!" Mama Mkasi aliporudi jioni alikuta mikono ya mashati imejaa mpaka dirishani, na kiwiliwili hata kimoja hakuna.

"Nani kaagiza mashati ya pweza?" aliuliza.

Alicheka yeye mwenyewe kwanza, hiyo ilikuwa bahati ya Msikivu.

Ugonjwa nao ulikuja kwa njia ya nguo. Sketi zilianza kumbana upande wa kushoto. Fundi haoni haya kwa jambo kama hilo, alifumua mshono, akaongeza, akaendelea. Zikabana tena, akaongeza tena. Alijua ni unene wa uzee. Ila unene gani huo wa upande mmoja, halafu mashavu yanaingia ndani na usiku unatota jasho? Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa anayafichia kwenye upindo. Mpaka siku alipokaa chini katikati ya kupima kiuno cha mteja na asiweze kuinuka, ndipo akapelekwa hospitali, analalamika njia nzima kwamba ameacha kitambaa mezani hakijakatwa.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Alipima damu, akapima tena, akamketisha. Alimwambia ile sehemu ngumu iliyokuwa inabana sketi ni wengu lililovimba, na kwamba damu yake imejaa chembe nyeupe kupita kiasi. Ni saratani ya damu, ile inayokwenda polepole.

Mama Mkasi alisogeza kiti karibu na meza. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Nieleze kama unamweleza fundi. Nani kaziambia hizo chembe zizaane hivyo?"

Daktari alivua miwani. Nadhani alifurahi kuulizwa, watu wengi huuliza tu kama watakufa. Alisema kila chembe ya mwili ina milango, na mlangoni kuna wapokeaji. Habari ikifika mlangoni, mpokeaji anamnong'oneza wa ndani yake, huyo naye anampa mwenzake, hivyo hivyo mkono kwa mkono mpaka ofisini, mahali penye maagizo yote ya chembe. Habari ikisema "gawanyika," chembe inagawanyika. Ikisema "tulia," inatulia. Lakini ndani ya damu yake, vipande viwili vya maagizo vilikatika vikaungana mahali pasipo pake.

"Kola imeshonewa kwenye suruali," alisema Mama Mkasi.

"Kabisa, mama. Na kutokana na huo mshono mbaya akazaliwa mjumbe mmoja kichaa. Yeye hasubiri habari kutoka mlangoni. Anaita tu, gawanyika, gawanyika, mchana na usiku, hajatumwa na mtu."

"Loo!" Mama Mkasi alipiga meza. "Huyo si Msikivu wangu!"

Ikabidi asimulie kisa cha mashati ya pweza, na daktari akacheka mpaka muuguzi akafungua mlango kuona kuna nini. Kisha akamwonyesha dawa. Kidonge hiki, alisema, kinakwenda moja kwa moja kukaa mdomoni mwa yule mjumbe, kinamziba. Lakini hakimuui, kinamziba tu, na baada ya siku moja nguvu yake inakwisha. Kwa hiyo ni kila siku, bila kuruka. Ukiruka, anapata nafasi ya kuita tena, na akizoea kuita huku dawa ipo, siku moja anaweza akabadilika umbo na kidonge kisimfae tena.

"Kila siku," alisema Mama Mkasi. "Nimekuelewa kuliko unavyojielewa."

Na kweli alimeza. Kwa miezi kadhaa alimeza kama saa ya ukutani. Wengu likanywea, sketi zikarudi kubanwa pini, sauti ikarudi, mkasi ukarudi hewani. Akawa mwalimu wa mtaa mzima. Mtu akija kupimwa suruali anatoka anajua habari za wapokeaji na wajumbe, atake asitake.

Kosa lilianzia siku ya kuhudhuria kliniki, akiwa mzima, amefurahi, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Alikumbuka mikono ya mdogo wake. Bwana Pasi vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio, asubuhi havikunjiki, pasi anaisukuma kwa kiwiko. Hospitali hataki hata kuisikia. Anasema wale watu ukienda na ugonjwa mmoja unarudi na mitatu, na kwamba sindano ni kitu kibaya isipokuwa ikiwa kwenye cherehani.

"Daktari, na mtu wa baridi yabisi je? Naye ana mjumbe?"

"Anao, mama. Kwake askari wa kinga ya mwili wanaletewa ujumbe wa kushambulia na adui hayupo, basi wanashambulia viungo vyake mwenyewe."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Hasa. Hayo maradhi mawili ni kama jamaa, yote ni ujumbe usionyamaza. Hata baadhi ya dawa zake zinafanya kazi kwa namna hiyo hiyo, zinaziba wajumbe. Ila mama, subiri, kwanza lazima nim..."

Mama Mkasi alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Jamaa! Kama maradhi ni jamaa, na wagonjwa ni ndugu wa tumbo moja, dawa ikatae kwa nini?

Kesho yake asubuhi alikwenda uani mwenyewe kwa miguu yake. Mafundi waliacha kushona kumwangalia akipita, maana hawakuwa wamewahi kumwona upande ule.

"Fumbua mdomo," alimwambia mdogo wake.

"Dada, hiyo si dawa yako?"

"Ni yetu. Siku moja yangu, siku moja yako."

"Lakini dada..."

"Mimi sasa ni mzima, unaniona. Nikiruka siku nakupa wewe, sijaitupa. Imo humu humu kwenye ukoo. Meza!"

Bwana Pasi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, baba wa watu, lakini mbele ya dada yake alikuwa bado yule wa kufutwa kamasi. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemshonea sare ya shule kwa kitambaa cha pazia, akamwambia akichekwa na mtu amlete nyumbani. Kukataa kitu mkononi mwa dada hakujawahi kujifunza. Alikipokea kidonge, akatupa mkono mdomoni, akagugumia maji. Dada akarudi mbele ameridhika.

Basi ikawa ndiyo desturi. Siku moja yake, siku moja ya mdogo wake. Kila baada ya siku kadhaa alimuuliza, "Unaonaje?" Bwana Pasi anajibu, "Nafuu, dada," huku anasukuma pasi kwa kiwiko kile kile. Mama Mkasi akatangaza mtaani kwamba daktari yule ni hodari, lakini yeye amemzidi kwa kuongezea akili ya nyumbani. Na kitu kingine kilimfurahisha: chupa ya dawa ilikuwa haiishi haraka. Alidhani mtoa dawa wa dirishani, mzee mmoja mpole, anamzidishia kwa kumpenda. Siku moja alimpelekea kitambaa cha mkono kilichodariziwa, na mzee wa watu akabaki anakigeuzageuza hajui amekosa nini.

Kisha kikaja kipimo cha damu.

Daktari Miwani aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Chembe nyeupe zilikuwa zimepanda. Hazikuwa nyingi kama za mwanzo, lakini zilikuwa zimegeuza njia.

"Mama, unameza kila siku?"

"Kila siku dawa inamezwa," alijibu Mama Mkasi, na kwa jinsi alivyojua yeye, hakusema uongo.

Daktari hakucheka siku hiyo. Alisema kama dawa inamezwa na damu inafanya hivi, huenda mjumbe ameanza kubadilika. Na ikiwa hivyo, kidonge hiki hakitamfaa tena, na hicho kingine cha kukifuata hana hakika ya kukipata hapa. Alimpa wiki chache, kisha wapime tena. Mama Mkasi alitoka pale mkasi hauna nguvu. Alipita barabarani bila kumsahihisha mtu yeyote mshono. Alikuwa anaogopa, tuseme ukweli, anaogopa kama mtoto. Alijiona anaiacha meza yake, na nyumba ile ndefu imenyamaza kuanzia mbele mpaka uani.

Alirudi mapema kuliko alivyotegemewa. Alipofungua mlango wa chumba chake cha kulala, ubavuni mwa chumba cha mbele, akamkuta Bwana Pasi amesimama pembeni ya kitanda na chupa ya dawa. Chupa zenyewe ni zile za kifuniko kigumu, unagandamiza huku unazungusha. Alikuwa ameibana kwa magoti, kifuniko anaking'ata kwa meno, na machozi yanamtoka.

"Mwizi!"

Sauti hiyo ilifika chumba cha kati, na Msikivu, kwa mazoea, akageukia mlango wa pili akaita, "Mwizi!" Fundi wa dirishani akachungulia uani akaita, "Mwizi!" lakini uani hapakuwa na mtu wa kupokea.

"Kumbe ni wewe! Nimekupa nusu, wewe unataka yote! Ndiyo maana damu yangu imeharibika! Natoa kwenye kinywa changu natia kwenye chako, nawe unaniibia chumbani! Mtu niliyekubeba mgongoni, mtu niliye..."

"NYAMAZA!"

Jamani. Cherehani zote zilisimama. Katika nyumba ile neno hilo halikuwahi kutoka nyuma kwenda mbele. Hata Bwana Pasi mwenyewe alionekana kushtuka, kama aliyesikia limetoka kwa mtu mwingine.

"Nyamaza, dada," alirudia, safari hii polepole. Akafungua kiganja. Palikuwa na kidonge kimoja, kizima, kikavu. "Siibi. Narudisha."

"Unarudisha nini?"

"Vyako. Vyote. Sijameza hata kimoja. Ukinipa nakishika mkononi, ukitoka nyumbani nakuja huku nakirudisha ndani. Kila siku uliyonipa. Ila kifuniko hiki, dada, kimetengenezwa na adui yangu."

Mama Mkasi aliangalia vile vidole, vimevimba na vimeelekea upande. Akakiangalia kifuniko na alama za meno. Alikaa kitandani.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi? Nani aliwahi kukuambia kitu ukasikia? Mimi najua hii dawa ndiyo inakuweka hai. Mikono yangu ikiuma, iume, nimeizoea. Wewe ukifa mimi namwita nani dada? Sina wa pili." Na mtu mzima yule akalia kwa sauti, amekumbatia chupa. Dada yake naye akalia, huku anamwambia aache kulia kwa sababu analowesha dawa.

Kesho yake walikwenda kliniki wote wawili. Yalikuwa ni masharti: dada atameza chake kila siku iliyoumbwa, mdogo mtu atakubali kuchomwa sindano ya kupimwa damu. Daktari Miwani aliwasikiliza mpaka mwisho, ameshika kichwa. Kisha akawapa vipande vyao. Jamaa ndiyo, alisema, lakini jamaa wana majina yao. Mjumbe wa mama siye mjumbe wa huyu, na kidonge kinachomziba mmoja mwingine hakimtambui. Ndugu kwa ndugu hamuazimani miwani, mtaazimana dawa?

"Na wewe, baba," alimgeukia Bwana Pasi, "umefanya wema, lakini kidonge kilichorudi kwenye chupa hakikumsaidia. Siku iliyopita bila dawa imepita. Mjumbe aliita siku hiyo nzima."

Hilo Bwana Pasi hakuwa amelifikiria. Kwake yeye, kitu kikirudi kwa mwenyewe hakijapotea. "Kwa hiyo nilikuwa namuua huku najua namwokoa?"

"Hakuna aliyeniua," Mama Mkasi alidakia. "Niko hapa, nakukasirikia. Toa mkono uchomwe."

Alitoa mkono. Alifumba macho kabla muuguzi hajafungua hata pamba, akamshika dada yake kwa mkono mwingine akabana kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi. Akaandikiwa dawa zake mwenyewe na siku zake mwenyewe za kuhudhuria. Sindano ilipokwisha akauliza itaanza lini.

Wiki zile za kungoja kipimo zilikuwa ndefu. Mama Mkasi alikata mikono miwili ya kushoto kwa shati moja, na hakuna aliyethubutu kusema, kisha Bwana Pasi akaja mbele akasema. Kipimo kilipokuja, chembe zilikuwa zimeanza kushuka. Mjumbe hakuwa amebadilika, alikuwa tu ameachiwa mdomo. Daktari alisema bado, tutaendelea kutazama, lakini alikuwa anatabasamu, na Mama Mkasi akampigia vigelegele pale pale kliniki mpaka wagonjwa wa foleni wakadhani kuna aliyejifungua.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla cherehani hazijaanza, Bwana Pasi anakuja chumba cha mbele. Dada anakifungua kifuniko mwenyewe, anameza, anakunywa maji. Mdogo wake haondoki.

"Fumbua," anasema.

Mama Mkasi anafumbua mdomo.

"Inua ulimi."

Anainua. Bwana Pasi anainama anachungulia upande huu na upande huu, hana haraka, kama anayekagua shati kabla halijakunjwa. Wateja wapo, Msikivu yupo, mafundi wamejazana mlangoni, na mwanamke yule amesimama katikati ya nyumba yake, mdomo wazi, anangoja aambiwe basi.

"Haya, dada. Nenda kazini."

Naye anakwenda.